Alama za Zambarau

Kawangware, Jumamosi

Akinyi mamangu,

Naandikia hapa hapa kinyozi, kwenye kiti cha wateja, kwa sababu nyumbani unapanga sanduku na ukiniona nimeshika kalamu utaniuliza maswali. Wateja leo ni wengi. Ukiona mwandiko umebadilika katikati ya sentensi, ujue kuna mtu aliingia akitaka kunyolewa. Mambo ya blanketi na kufuli na kutowaazima watu viatu huko chuoni, Mama Shiru wa mlango wa pili ameshakuhubiria mpaka umeziba masikio. Sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, na nimelibeba miaka mingi nikijifanya silisikii linavyogonga.

Jumapili iliyopita Mama Shiru alikuomba umsaidie kuosha kale katoto kake. Nilikuwa nyuma ya pazia navaa shati. Nikakusikia ukimwambia, "Mwili nitaosha, lakini kichwa hapana. Mimi sioshangi kichwa cha mtu." Akacheka, unajua anavyocheka, akasema, "Ai, mtoto wa kinyozi anaogopa kichwa?" Wewe hukucheka. Ulisema polepole tu, kama mtu anayetaja jina lake akiwa ofisini, "Niliosha cha mama, akakufa."

Shati lilinibaki mkononi. Nilikaa kitandani mpaka mkamaliza na yale maji mkayamwaga. Kumbe ndivyo ulivyoweka moyoni muda wote huu. Na mimi nikifikiri umesahau, kwa sababu ulikuwa mdogo, na kwa sababu ilinifaa kufikiri hivyo.

Akinyi, si wewe. Nianze na hilo kabla mtu mwingine hajaingia. Zile alama za zambarau kichwani mwa mama yako nilizifuta mimi, Jumamosi, wewe ukiwa nje unaruka kamba. Ulichokuta Jumapili asubuhi kilikuwa mabaki. Na kuna neno la daktari ambalo nilipewa nikuletee, nami sikukuletea: hata kama alama zile zisingeguswa na mtu yeyote, mama yako angekufa tu. Sasa ngoja nikueleze vizuri, maana wakati ule watu wazima wote tulikuwa tunakunong'onea vipande vipande.

Ugonjwa ulianza kwa kuchekesha. Tulikuwa bado Kibera, kile chumba chenye mlango wa bluu, na mama yako akiuza masweta ya watoto Soko la Toi. Akaanza kupoteza maneno. Anataka sufuria, anasema "lete ile, ile," mpaka anakasirika. Siku moja akamsifia mteja sweta, akaiita sahani safi kabisa, na meza zote za karibu zikacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Wiki nzima nilimwita mwalimu wa Kiswahili. Kichwa kilimuuma asubuhi akiamka, kisha anatapika, kisha kufika mchana kinapoa. Unajua mimi nilidhani nini? Nilidhani ana mimba. Wee! Nilishaanza kuchagua jina la kijana. Nilikuwa napita Toi nimeinua mabega.

Halafu mkono wake wa kulia ukalegea. Kikombe kinaanguka, kiberiti kinaanguka. Halafu akaanguka yeye mwenyewe, juu ya rundo la masweta, upande mmoja wa mwili ukitetemeka na macho yamegeuka. Mmoja akasema ni mapepo, mwingine kifafa, mwingine akawa anatafuta kijiko cha kumtia mdomoni. Mimi niliacha mteja amenyolewa nusu nikakimbia na mkasi mkononi, watu wakidhani ninaenda kuua mtu.

Hospitalini walimpiga picha ya kichwa, si ile ya mifupa, ile nyingine inayoonyesha ndani. Daktari alikuwa mama kijana mwenye miwani. Aliinua ile picha dirishani akanionyesha doa upande wa kushoto, akasema ni kansa ya ubongo. Nikamwambia, "Basi itoeni." Nilisema kwa ukali, kama mtu aliyekuta amekaliwa kiti chake.

Hakukasirika. Aliniuliza, "Baba, nyumbani mnapika chapati?" Nikasema mke wangu anapika. "Akishakanda unga, nikikuambia uitoe ile chumvi, utaitoaje?" Nikasema haitoki. Akasema ugonjwa huu haukai kama jiwe ambalo mtu anaweza kuliokota. Kuna sehemu inayoonekana, hiyo watu wa upasuaji wataipunguza. Na kuna nyingine iliyojichanganya na ubongo wenyewe, pale pale ambapo maneno yake na nguvu ya mkono wa kulia hutoka, na ukikata sana pale unamkata Consolata mwenyewe. Watafungua, watoe wanachoweza, halafu mionzi ifuate, irudishe nyuma kile kilichobaki. Alisema waziwazi kwamba hiyo ni kumpa muda. Mimi nilitoka pale nikaenda nikawaambia watu wa Toi kwamba anaenda kupona. Sikuwadanganya, Akinyi. Ndivyo nilivyokuwa nimesikia, kwa sababu ndivyo nilivyotaka.

Usije ukafanya hivyo. Siku utakayokaa mbele ya daktari kwa ajili ya mtu wako, muulize mara ya pili: hii dawa ni ya kuponya, au ni ya kumpa muda? Jibu litakuuma. Lakini mimi sikuuliza, na muda niliopewa kuwa na mama yako niliutumia kusubiri apone. Kama ningejua ni muda, ningefunga kinyozi mara nyingi zaidi nikae naye.

Siku ya upasuaji, nesi aliniachia nimnyoe mwenyewe. Nilinyoa kichwa kile taratibu kuliko nilivyowahi kunyoa kichwa cha mtu. Alipoamka alikuwa anakula vile vidonge vya kupunguza uvimbe, na haki ya Mungu, ungemwona! Alikula ugali wa watu wawili. Uso ukawa mviringo. Maneno yakarudi mengi. Bibi yako, dani, ambaye alikuwa amekuja kutoka nyumbani kijijini kumuuguza binti yake, alipiga magoti katikati ya chumba akashukuru mpaka jasho likamtoka. Kumbe vidonge vilipunguza tu maji yaliyokuwa yamejaa kuuzunguka ule ugonjwa. Wenyewe ulikuwa umekaa pale pale.

Ndipo ikaja mionzi. Majirani wa ploti walisema anaenda kuchomwa, lakini haiunguzi kama moto. Analala peke yake chini ya mashine, mlango unafungwa, inanguruma kidogo, anatoka. Inachosha tu. Kila siku isipokuwa wikendi, wiki baada ya wiki. Yule mama wa mashine alimchorea misalaba na mistari kichwani kwa ile dawa ya zambarau tunayowapaka watoto wenye vidonda vya mdomo. Akanigeukia mimi akasema, "Mashine inafuata hizi. Zikipotea haijui pa kupiga. Maji hapana, sabuni hapana, mafuta hapana."

Spiriti hakuitaja. Nani angefikiria kuitaja?

(Nimerudi. Kulikuwa na kijana mmoja, makanika. "Niaje mzee, fanya staili ya box, lakini si unimalizie na spirit, hii shingo inaniwasha." Nikamwambia hapa hatutumii, nachemsha vyombo. Akasema, "Mzee uko na maringo." Kila siku naulizwa hilo, na kila siku nasema nachemsha vyombo.)

Sasa, Jumamosi ile. Nywele zilikuwa zimeanza kuota vichomochomo, zinamwasha mama yako, na alikuwa anaona haya kwa sababu kesho yake watu wa kanisa walikuwa waje kumwombea. Akaniambia, "Baba Akinyi, ninyoe. Nataka niwe msafi." Neno "msafi" lilitoka lote bila kukwama, tukafurahi. Dani alikuwa ameenda kununua mboga ya sukuma. Nikachukua wembe mpya. Nilipita katikati ya ile mistari ya zambarau nikishika pumzi, sikuigusa hata mmoja. Nilikuwa najivunia, unanijua. Nilikuwa nasema, "Konso, hakuna kinyozi mwingine Nairobi anayeweza hii."

Halafu nikamaliza. Na kinyozi akimaliza, mkono wake wa kushoto unashika pamba na wa kulia unashika chupa ya spiriti. Haufikirii. Nilikuwa nimeshafanya hivyo kwa vichwa vingi mno kabla ya chake. Nikapangusa kutoka utosini mpaka kisogoni, mara moja, mara mbili, kama kawaida. Mama yako akafumba macho akasema, "Inapoza." Nikaiangalia pamba. Ilikuwa ya zambarau.

Sikumwambia. Nilimfunga leso kichwani. Nikajisemea Jumatatu nitaeleza hospitalini, wachore tena, yataisha. Usiku mzima sikulala, lakini asubuhi nilivaa nikatoka kwenda kuomba viti vya wageni.

Wewe nawe ulikuwa na yako. Miaka ile Nairobi nzima ilikuwa inazungumza habari za waabudu shetani, na watoto wa ploti walikuwa wamekuambia mama yako ameandikwa na shetani kichwani. Ulirudi umelia siku mbili. Nilikuambia tu "wacha ujinga," sikukukalisha nikueleze mashine ni nini na mistari ni ya nini. Hilo nalo ni langu. Basi ukaona wageni wa kanisa wanakuja, ukaona mama amekaa kwenye jua, ukachukua beseni na sabuni ya kufulia. Ulitaka mama awe wa Mungu. Ulikuwa na miaka minane.

Nilipofika mlangoni na viti, dani alikuwa amekushika mkono anapiga kelele, maji ya beseni yana rangi kidogo, hafifu sana. Kama angekuwa na utulivu angejiuliza mbona rangi ni kidogo hivyo. Alikuwa amekuzaba kofi. Ukaniangalia mimi. Akinyi, uliniangalia kama mtu anayeona gari lake limefika.

Nami nikasema, "Akinyi, umefanya nini?"

Hayo maneno matatu yananiamsha mpaka leo. Naweza kuwa namnyoa mtu, redio inaimba, nayasikia kwa sauti yangu mwenyewe, na lazima niinue mashine juu nisije nikamkata. Nilijua umefanya nini. Hukuwa umefanya kitu.

Na si hilo tu. Mama yako alijua. Ile harufu haifichiki, na yeye ndiye aliyesema inapoza. Alianza kutafuta maneno, yakamkimbia yote, akawa anatoa "a, a, a." Akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akanyoosha kidole kwenye rafu yangu ya vifaa, kwenye chupa. Akanitazama, akakutazama wewe, akanyoosha tena. Dani akasema, "Ana kiu," akamletea maji. Akayasukuma yakamwagika. Akanyoosha tena kidole, analia. Mimi nikasema, "Amechoka, tumlaze."

Alikuwa anakutetea, mwanangu. Maneno machache aliyokuwa amebakiwa nayo hayakutosha, akatumia kidole. Mtu pekee mle ndani aliyemwelewa nilikuwa mimi, na mimi nilimlaza kitandani nikamfunika shuka.

Jumatatu nilimwambia daktari kwamba mtoto amemwosha. Hata kwake nilisema mtoto. Yule mama akavua miwani. Akasema, "Usimchape. Tutapima na kuchora upya, atakosa siku chache tu, haitabadilisha kitu kikubwa. Huu ni ugonjwa wa kurudi, Baba, hata tukifanya kila kitu sawasawa. Umwambie huyo mtoto si kosa lake. Mwambie leo leo, maana watoto huweka moyoni." Nikasema, "Asante daktari, nitamwambia."

Leo leo hiyo ndiyo hii.

Walichora tena, akamaliza mionzi. Na tukapata ule wakati mzuri, unaukumbuka, alipokuwa anakusuka kwa mkono mmoja, amekubana kichwa kwa magoti, mistari inapinda mpaka kwenye sikio. Uliendaga shule nayo hivyo hivyo, na mwalimu alipouliza nani amekusuka vibaya ukamjibu, "Ni mama, na amesuka vizuri." Nilidhani tumeshinda. Halafu maneno yakaanza kuondoka tena, safari hii moja moja bila kurudi, akawa analala mchana, akawa analala siku nzima. Daktari alisema hamna upasuaji mwingine utakaomfaa, tumpe dawa ya maumivu tukae naye. Alikufa kwenye kile chumba, asubuhi, wewe ukiwa shule. Tulimpeleka nyumbani tukamzika, na pale matangani nikamsikia dani akiwaambia wanawake jikoni, "Ni huyu mtoto aliyeosha dawa." Ulikuwa umesimama nyuma yake umebeba sahani. Mimi nilikuwa naosha mikono. Niliendelea kuosha mikono.

Dani hakuwa mbaya. Alitaka jambo la kushika, kama mimi. Ukweli kwamba mtu anaweza kuwa mzima, anauza masweta, kisha kitu kikaota ndani ya kichwa chake bila sababu, ni mgumu kumeza. Nilimuuliza daktari kila kitu: ni kubeba mizigo kichwani? Ni lile pigo alilopata akiwa msichana? Ni mtu wa nyumbani ametufanyia? Akasema hapana, hapana, na hapana, hatujui kinacholeta. Nikauliza kama wewe utaupata. Akasema mara nyingi sana hauendi kwa watoto. Kwa hivyo kichwa kikikuuma huko chuoni, ule, ulale, unywe maji. Kikikuuma kila asubuhi na kutapika, au maneno yakianza kukupotea, enda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje mtu akucheke kwanza.

Mimi mwenyewe siwezi kutulia. Tulipohamia huku Kawangware, Kabiro, niliacha spiriti Kibera lakini sikuacha hofu. Kila kichwa ninachokinyoa, kidole gumba changu kinazunguka nyuma ya sikio la kushoto, kinatafuta. Daktari alishaniambia kitu hicho kiko ndani ya mfupa, hakipapaswi na kidole. Kidole hakisikii. Nimekupapasa na wewe ukiwa umelala, mara nyingi, na ulipogeuka nikasema nafukuza mbu.

Na kuna siku simwamini hata daktari. Najiambia alikuwa ananihurumia, kwamba zile siku chache ndizo zilizomuua Konso, pamba yangu ndiyo iliyomuua. Sijui jinsi ya kulinyamazisha hilo, sitakudanganya. Lakini likiwa la kweli au la uongo, ni langu. Halijawahi kuwa lako hata dakika moja, na nililiacha likae juu yako kwa sababu ulikuwa mdogo na hukujua kulitupa. Hasira ukiwa nazo ni halali. Usinisamehe haraka kwa sababu unasafiri.

Hii barua nitakupa jioni tukimaliza kula, kisha nitatoka nikae kwa Mama Shiru mpaka utakapozima taa.

Kesho kabla ya safari nitakuwa nimekaa nje mlangoni kwenye kile kigoda, bila kofia. Sijanyoa kichwa changu tangu Jumapili iliyopita, utaona mvi zimetoka vibaya. Pembeni kutakuwa na beseni, sabuni, na maji vuguvugu. Ukipita moja kwa moja na sanduku lako, nitainuka nikubebee mpaka steji ya basi, na sitauliza kitu, na wewe utabaki kuwa Akinyi wangu. Lakini ukiweza, mamangu, simama kidogo unioshe kichwa. Sugua kwa nguvu, mimina maji yote. Hakuna kitu juu yake unachoweza kuharibu.

Baba yako